Maneno Sita

Baba alifariki Tartu, mwezi wa Februari,
mto umeganda hata bata wanatembea juu yake kama wageni.
Alituachia kompyuta moja iliyofungwa
na programu moja iliyo wazi kwa dunia nzima.

Ile ya wazi, asomaye na asome:
mistari elfu tatu na ushei,
kazi yake kupanga tarehe zisigongane,
mwaka mrefu, mwaka mfupi, saa ya kiangazi, saa ya baridi.
Benki wanaitumia. Hospitali wanaitumia.
Kuna kiwanda cha maziwa huko Chile
huiuliza kila asubuhi jibini lipi limeiva.
Hakuna aliyemlipa senti,
ila mtu mmoja wa Osaka aliyemtumia kwa posta soksi za sufu.

Palipo wengi, husema, hapaharibiki neno.
Walikuwa wengi, ndiyo. Wengi wa kuchota.
Usiku wa manane mtu asiyemjua anamfokea
kwa kosa la tarehe ishirini na tisa,
naye, koti juu ya nguo za kulalia,
anajibu kwa adabu, anarekebisha, kisha anaandika
peupe kosa na jina la mkosaji:
Heldur Pärn. Yeye mwenyewe.
"Kufuli la kuaminika," aliniambia,
"fundi hukufunulia matumbo yake yote
na bado bila ufunguo hulifungui.
Akuambiaye *niamini tu*, shika mfuko wako."

Mama humchokoza: dunia nzima umeivulia nguo,
mimi mkeo wanifichia nywila? Mficha uchi hazai!
"Nimezaa," baba anasema, "yule pale anakula uji.
Na mlango wa choo tunaufunga, Maimu,
ingawa sote twajua kinachofanyika humo."

Baada ya mazishi tukajaribu.
Jina la mbwa. Jina la mbwa aliyetangulia.
Siku ya ndoa, kwa nukta, bila nukta.
Mama akaandika jina lake, polepole,
kwa herufi kubwa, kisha kwa ndogo,
nami nikatazama dirishani nisiuone uso wake.
Mashine ikatuambia tusubiri saa nzima.

Saa hiyohiyo simu yake ikalia:
picha za mawe ya makaburi, matale ya kijivu,
punguzo hadi Jumapili.
Shangazi wa Võru tulikuwa bado hatujamwambia.
Nani aliwaambia wao?
Tulikaa, simu katikati ya meza kama mgeni asiyealikwa,
mama akaifunika kwa bakuli.

Dadu tano zilikuwa kwenye droo ya vijiko.
Kwa ajili yake waliwahi kununiana wiki mbili:
mama alidhani anacheza kamari.
Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu cha mapishi,
ukurasa wa soseji za damu, ambazo baba hakuzila maishani:
*bawaba kunguru shayiri deni kidole theluji.*

Mama akayasoma mara mbili, akitafuta.
"Hata mimi simo."
Nikamwambia: ungekuwemo, mwizi angeanzia kwako.
Dadu hazimpendi mtu, ndiyo kinga yake.
Hakujibu. Akakunja karatasi, akafungua jiko, akaitia motoni.

Kompyuta ingali imefungwa. Au labda sivyo;
sijamuuliza, na sitamuuliza.
Ninachojua, akikanda mkate mweusi midomo yake hucheza,
na jana, juu ya unga, nilisikia *kunguru*,
nikasikia *deni*,
kwa sauti niliyodhani ni ya jina la mtu.

Leo usiku umekuja ujumbe kutoka Chile:
jibini limechelewa siku moja, kuna mtu huko?
Ile ya wazi haihitaji idhini ya marehemu.
Nimeinakili, nimelitafuta kosa, liko mstari wa mia nane na tisa,
la mwaka huu, la Heldur, mwezi wake wa mwisho.
Nyumba ni baridi.
Nimevaa koti lake.
*Ndiyo,* nimeandika, *kuna mtu.*